Kucheki moyo mapema ukiwa huku Dodoma: anza na daftari la presha

Mwaka juzi nilimpeleka baba mkwe hospitali kucheki macho, katoka kijijini upande wa Chamwino na basi la alfajiri, mtoto wa jicho unamsumbua, tumekaa kwenye benchi tunasubiri namba, nesi akawa anapita na mashine anapima kila mtu presha. Mzee akapimwa, 128 kwa 78, miaka sabini na tatu huyo na mtama analima mwenyewe mpaka leo. Nesi akanigeukia, lete mkono na wewe. Nikacheka nikamwambia sista mi nimesindikiza tu. Akasema wanaosindikiza nao wana moyo, lete mkono. 172 kwa 106. Akahamia mkono mwingine, 168 kwa 104. Akaniuliza kichwa kinauma, hapana, kizunguzungu, hapana, umekuja unakimbia, nikamwambia sista tumekaa hapa saa zima we si unatuona. Baba mkwe pembeni akatingisha kichwa, "kumbe mgonjwa ni wewe baba."

Mi sio daktari, nauza mafuta ya alizeti pale Majengo. Naandika haya kwa watu kama mimi, una miaka arobaini na kitu, unapiga kazi, hukumbuki mara ya mwisho kulala hospitali, na umejiaminisha kwamba ukiumwa utajua. Presha haikuambii. Inakaa mwilini miaka na miaka inakaza mishipa, inauchosha moyo, inaharibu figo, na we unakula nyama choma Msalato kila Jumamosi unajiona simba, siku ya kuisikia ndo umedondoka bafuni. Kwa hiyo fuata hatua hizi hata kama huumwi, tena hasa kama huumwi.

Hatua ya 1: kaa na shangazi yako

Hii haina gharama na watu wanairuka. Kabla ya kipimo chochote jua kwenu watu wanakufa na nini. Tatizo letu ni kwamba kwenye misiba hatusemi ukweli, au tuseme hatuujui, utasikia "alilala hakuamka", "alianguka tu shambani", "alikuwa mzima kabisa jana tumekunywa nae chai", na wengine wanamaliza kabisa wanasema karogwa. Ukikaa na shangazi au bibi anaekumbuka vizuri ukamuuliza taratibu, huyo babu mdogo alieanguka alikuwa anavimba miguu? alikuwa analalia mito mitatu? mdomo ulienda upande? unaanza kuona picha. Mimi nilivyomuuliza shangazi nikakuta baba yake na baba na kaka zake wawili wote "walianguka", na wote walikuwa hawajafika sitini. Nikakaa kimya muda mrefu kidogo.

Andika majibu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari (daftari lolote la shule, la kurasa 48 linatosha): nani, alikuwa na umri gani, alikufaje. Alafu ongeza vya kwako: unavuta au ulivuta, unakunywa kiasi gani, una sukari, kama ni mwanamke uliwahi kupandisha presha ukiwa mjamzito au kupata kifafa cha mimba. Hilo la mwisho wanawake wengi wanadhani liliisha na ujauzito, lakini aliepata hilo tatizo ana hatari kubwa zaidi ya presha na magonjwa ya moyo huko mbele hata kama alijifungua salama, anatakiwa awe anapima kila mwaka.

Ukiwa umeshafika miaka 18 na kuendelea pima presha, usisubiri arobaini. Kama kwenu ni kama kwetu, ndo usisubiri kabisa.

Hatua ya 2: pima presha, na upime vizuri

Hapa nitakaa kidogo maana nimeona watu wanapimwa ovyo alafu wanapewa namba ambayo sio yao. Umeshuka kwenye bodaboda kutoka Nzuguni, vumbi, jua la saa saba, umegombana na dereva kuhusu chenji, unaingia unakaa unavishwa mkanda juu ya sweta na huku nesi anakuuliza unaishi wapi na we unajibu, hiyo namba itakayotoka ni ya safari na ugomvi, sio ya moyo wako.

Inavyotakiwa: nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute, usifanye kazi nzito. Nenda haja ndogo kwanza, kibofu kikijaa presha inapanda, usicheke ni kweli. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, kimya, miguu yote chini usikunje nne, mkono uweke mezani usawa wa kifua. Mkanda uvae kwenye ngozi, juu ya kiwiko, sio juu ya nguo. Kama una mkono mnene omba mkanda mkubwa maana mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa unatoa namba ya juu ya uongo. Usiongee. Pima mara mbili, dakika moja au mbili katikati. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili, wenye namba kubwa ndo utakuwa mkono wako wa siku zote.

Sasa namba. Ya juu ni pale moyo unaposukuma damu, ya chini ni pale unapopumzika kati ya pigo na pigo. Chini ya 120 kwa 80 uko safi, rudi baada ya mwaka. Kati ya hapo na 139 kwa 89 hujawa mgonjwa ila umeshaanza kusogea, ndo muda mzuri wa kubadili mambo bila dawa. 140 kwa 90 na zaidi, ikijirudia kwenye siku tofauti, hiyo ni presha, na inatosha namba moja tu kuzidi, sio lazima zote mbili. Ukipimia nyumbani mstari unashuka kidogo, 135 kwa 85, sababu nyumbani umetulia. Ikifika 180 kwa 120, kaa dakika tano upime tena, ikibaki hapo nenda hospitali siku hiyohiyo, na kama kuna kifua kubana, kukosa pumzi, macho kutoona vizuri, kichwa kupasuka au kiungo kufa ganzi hapo usikae hata hizo dakika tano.

Kingine, namba moja haitoshi kukupa ugonjwa labda iwe kubwa sana. Mi nilivyopimwa pale nesi aliniambia rudi kesho kutwa, alafu wiki ijayo, ndo daktari akaamua. Kuna watu wakiona koti jeupe tu wanapanda. Na kuna wengine kinyume, hospitali wako sawa nyumbani wako juu, hao ndo wa hatari maana hakuna anaewashtukia.

Na hili la "presha ya kushuka" tuliweke sawa. Kila mtu mtaani akipata kizunguzungu anasema presha imeshuka, anakunywa soda na chumvi anaendelea. Inawezekana ni njaa, inawezekana ni upungufu wa damu, inawezekana ni jua la Dodoma na hujanywa maji toka asubuhi, na inawezekana presha iko juu kweli na we unaongeza chumvi. Pima kwanza.

Mashine ya nyumbani nilinunua duka la dawa, ilinitoka chini ya laki. Chukua ya kuvaa juu ya kiwiko, zile za kuvaa kama saa, pale kwenye kifundo cha mkono, zinadanganya kirahisi ukiuweka vibaya mkono. Siku ya kwanza nenda nayo kliniki uilinganishe na ya kwao. Huna hela ya mashine, changeni majirani watano, sisi mtaani kwetu ya kwangu imeshakuwa ya ukoo, jioni utakuta mama wawili watatu wamekaa kibarazani wananyoosha mikono.

Hatua ya 3: vipimo vingine, na vile vya kukimbia

Ukienda kupima presha omba na sukari. Ukiwa hujala masaa nane, chini ya 5.6 ni kawaida, 7.0 na zaidi ikirudiwa siku nyingine na bado ni hivyo hicho ni kisukari, katikati hapo ni onyo. Sukari na presha wakikaa nyumba moja moyo unapata shida mara mbili.

Mkojo, wanaangalia protini. Damu kwa ajili ya figo, wanaita kreatinini. Lehemu, ile watu wanaita kolestro, kama kituo kinapima. Vyote hivi ni vya kawaida, usiogope majina.

Kipimo cha bure kabisa ni tepu ya fundi cherehani. Zungusha tumboni usawa wa kitovu, umesimama, umetoa pumzi, usibane tumbo kwa aibu. Mwanaume ukivuka sentimita 94 anza kujiangalia, 102 hatari imekuwa kubwa, mwanamke ni 80 na 88. Mi nilikuwa 106 na fundi akasema hongera maisha yamekukubali. Hapo ndo tulipo.

ECG, kile cha kubandikwa vinyaya kifuani, kinasoma umeme wa moyo, na eko ni ultrasaundi ya moyo inaonesha misuli na valvu zinavyofanya kazi. Hivi sio kila mtu anahitaji, daktari akiona sababu atakuandikia. Usikimbilie eko wakati hata presha hujawahi kupima.

Alafu kuna hawa wanaokuja na kompyuta mpakato, unashika chuma mkononi dakika moja wanakwambia moyo wako, figo, ini, nguvu za kiume na alama za nyota yako, mwishoni unauziwa makopo ya virutubisho ya laki tatu. Hicho chuma hakipimi moyo. Mama mmoja jirani aliambiwa moyo wake "una mafuta" akatumia makopo miezi minne, dawa zake za presha kaweka kabatini, alivyokuja kunyoosha mkono pale kibarazani alikuwa 190 na kitu.

Hatua ya 4: uende wapi

Anza chini. Zahanati na kituo cha afya wanapima presha na sukari na dawa za kuanzia mara nyingi zipo, huna haja ya kwenda kupanga foleni hospitali kubwa kwa ajili ya kipimo cha dakika kumi. Ukiwa Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Chemba au Bahi kuna hospitali za wilaya, ikishindikana wanakuandikia rufaa ya hospitali ya mkoa, ile tunayoita General hapa mjini, na juu yake Benjamin Mkapa kule upande wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, hiyo inahudumia kanda ya kati na ina wataalamu wa moyo. Ikizidi hapo ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar, pale Muhimbili, ilianzishwa 2015, na toka treni ya umeme ianze kufika Dodoma 2024 safari ya mgonjwa imekuwa nafuu kuliko kukunjwa kwenye basi siku nzima. Taasisi hiyohiyo huwa inatuma madaktari mikoani kupima watu, ukisikia tangazo redioni usipuuze.

Kama una bima shika karatasi ya rufaa kama unavyoshika kitambulisho, bila hiyo unaweza kurudishwa dirishani.

Nanenane pale Nzuguni mara nyingi kuna mabanda wanapima bure. Watu wanapita wanaenda kuangalia ng'ombe wakubwa. Angalia ng'ombe, rudi upime.

Hatua ya 5: jikoni, na hasa paketi ya chumvi

Mtu mzima anatakiwa asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, vyote kwa pamoja. Nani anapima kijiko, hakuna. Fanya hivi: nunua paketi mpya ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Gramu 500 gawa kwa 5 ni siku mia za mtu mmoja. Nyumba yenye watu watano inatakiwa iishe siku ya ishirini, sio kabla, na watoto hao wanatakiwa wale kidogo zaidi kwa hiyo inatakiwa ichelewe hata hapo. Kwangu iliisha siku ya tisa. Siku ya tisa! Mke wangu akasema labda panya. Na hapo hatujahesabu chumvi ya kwenye mkate, chipsi za barabarani, vile viungo vya paketi vya kuweka kwenye supu, na chumvi ya pembeni ya kuchovya nyama.

Na hatujahesabu magadi. Hapa wenzangu wa kanda ya kati tuambizane ukweli. Mlenda bila magadi kwa wengi wetu sio mlenda, na magadi ni sodiamu ileile ya kwenye chumvi, imevaa shati lingine. Unakuta mtu daktari kamwambia apunguze chumvi, kapunguza kweli, alafu mlenda unachemka na kipande cha magadi kama kidole gumba na juu yake chumvi tena. Mama mkwe nilimwambia kwa adabu zote, mama naomba tupunguze magadi, akaniangalia kama nimemtukana ukoo. Tumekubaliana kipande kama punje ya mahindi, na karanga za kusaga ziongezwe, na saivi anasema ndo alivyokuwa anapika mama yake, sawa mama.

Vingine tunavyo tayari. Ugali wa mtama na uwele ni mzuri kuliko sembe nyeupe, una nyuzinyuzi. Mboga za majani, maharage, kunde, karanga zisizo na chumvi. Alizeti ni mafuta mazuri, nasema nikiwa muuzaji na ni kweli, ila kijiko sio kikombe, na mafuta yaliyokaangia chipsi toka asubuhi mpaka yamekuwa meusi sio alizeti tena, hiyo ni kitu kingine. Nyama choma sijaacha, nimetoka kilo moja na rafiki mmoja kwenda robo na kachumbari nyingi, na kongoro la Jumapili limekuwa la mwisho wa mwezi. Chai, nilikuwa vijiko vinne vya sukari, niko kimoja, wiki mbili za kwanza ni mateso.

Hatua ya 6: mwili, sigara, pombe

Dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka, nusu saa siku tano, kiasi cha kwamba unaweza kuongea ila kuimba huwezi. Natembea saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakasirika. Kubeba madumu dukani kunasaidia ila usidanganyike, kukaa dukani ni kukaa.

Sigara acha, na ugoro pia, wazee wetu wanadhani ugoro hauna shida sababu hauna moshi, ila ile nikotini inapandisha presha na mapigo vilevile. Pombe punguza, iwe ya chupa au ya kienyeji.

Hatua ya 7: ukipewa dawa

Nikiri kosa langu. Nilipewa dawa mbili, nikatumia wiki tatu, nikapima 132 kwa 84, nikasema nimepona, nikaacha. Sikumwambia mtu. Baada ya mwezi nikarudi 170. Nesi aliniuliza swali moja tu, "ukivua miwani macho yanabaki yamepona?" Namba ilikuwa nzuri sababu ya dawa, sio sababu presha imekimbia mji. Wengine wakipungua uzito na kubadili chakula daktari anaweza kupunguza dawa, lakini ni yeye na namba za kwenye daftari, sio wewe na hisia zako.

Watu wanasema ukianza dawa za presha hutoki, bora usianze. Kinachokufunga ni presha.

Madhara yapo, yaseme. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, kaptopril inaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, hidroklorotiazaidi utakojoa sana kwa hiyo meza asubuhi sio usiku. Zipo nyingine, zinabadilishwa, ila ukiacha kimyakimya hakuna atakaebadilisha. Usimeze dawa ya jirani hata kama namba zenu zinafanana, yeye figo zake sio zako. Mwanamke ukiwa na ujauzito au unatafuta mtoto mwambie daktari mapema, kaptopril, enalapril, losartan na ndugu zake hazifai kwa mimba.

Na hili mafundi na wakulima wenzangu: diklofenaki na aibuprofeni za mgongo, zile mnameza kama karanga wakati wa palizi, zinapandisha presha na zinaumiza figo. Waambie duka la dawa una presha kabla hawajakupa chochote. Kitunguu swaumu kula tu, kwenye mboga, sio badala ya kidonge.

Hatua ya 8: watoto na wazazi waliotoka kujifungua

Moyo sio wa wazee tu. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 akiumwa koo, homa, kumeza kwa shida, mpeleke atibiwe. Kuna bakteria wa koo wasipotibiwa vizuri mwili unaanza kujishambulia wenyewe, wiki mbili tatu baadae magoti yanavimba, likipoa goti hili uvimbe unahamia kifundo kile, na kimyakimya valvu za moyo zinaharibika. Akipewa antibayotiki ale dozi yote hata kama koo limepona siku ya pili. Akishagundulika moyo umeguswa, atakuwa anachomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka, na kuruka sindano sababu "mtoto anacheza mpira vizuri" ndo kunakopeleka watoto kufanyiwa upasuaji wa valvu.

Mama alietoka kujifungua, mpaka miezi mitano hivi, akivimba miguu zaidi badala ya kupungua, akilala chali anakosa pumzi, anaamka usiku kukaa dirishani atafute hewa, usimwambie ni uchovu wa uzazi. Moyo unaweza kuwa umechoka kweli. Hospitali, sio kesho.

Hatua ya 9: dalili za kutosubiri

Kifua kubana kama umekaliwa na gunia, maumivu yanaenda mkono wa kushoto, shingoni au taya, jasho la baridi, kukosa pumzi. Kwa wanawake na wenye kisukari inaweza isiume hivyo, ni kichefuchefu, uchovu wa ghafla, kiungulia. Wengi wamekufa wanakunywa dawa ya vidonda vya tumbo. Mkalishe, asitembee, tafuta gari au bajaji, bodaboda hapana maana akizimia anaanguka. Kama yuko macho na aspirini haimdhuru na hana vidonda vinavyotoka damu, atafune moja ya miligramu 300 mkiwa njiani.

Kiharusi ni tofauti, aspirini usimpe maana inaweza kuwa ni damu inavuja kichwani. Mwambie acheke uone mdomo ukienda upande, anyanyue mikono yote uone mmoja ukishuka, aseme jina lake uone ulimi ukigoma. Moja tu kati ya hayo ikitokea, hospitali hapohapo, na angalia saa uandike muda ilipoanza, daktari atauliza, na msimpe chakula wala maji.

Hatua ya 10: daftari lenyewe

Kila mstari tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini, mapigo, na neno moja au mawili la kilichotokea. Ukiwa unaanza pima asubuhi na jioni kwa siku saba, siku ya kwanza usiihesabu, nyingine piga wastani. Baada ya hapo mara moja mbili kwa wiki. Kliniki unaenda nalo, usimsomee daktari kutoka kichwani, kichwa kinachagua namba nzuri.

La kwangu wiki hii liko hivi:

Jtatu saa 12:40 asb, 131/83, 72, nimelala vizuri
Jtatu saa 2 usk, 134/85, 76
Alh saa 1 asb, 129/82, 70, nimetembea mpaka Sabasaba
Jmosi saa 3 usk, 143/90, 81, Msalato, nyama, na chumvi ya pembeni nilichovya
Jpili saa 1 asb, 136/86, 74, mlenda wa mama mkwe jana, magadi sijauliza